Khella: dawa ya figo iliyoishia kwenye moyo na mapafu

Ukianzisha mjadala wa mitishamba hapa mjini utapata makundi mawili tu. La kwanza linasema wazee wetu walijua kila kitu, la pili linasema ni ushirikina mtupu. Nina kisa cha Misri ambacho kinayasumbua yote mawili.

Kuna mmea unaoota Bonde la Nile, unaitwa khella. Ni jamaa wa karoti na giligilani. Vikonyo vyake vikikauka watu huchokonolea meno, na mbegu zake Wamisri wamezichemsha na kunywa kwa karne nyingi mtu akibanwa na mawe ya figo. Wala haiyeyushi jiwe, kama wauzaji wa dawa wanavyopenda kutuambia. Ndani yake mna kemikali iitwayo khelini, iliyotengwa mwaka 1879, nayo hulegeza misuli ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mrija ukilegea, jiwe dogo hupata upenyo. Jiwe kubwa ni la hospitali, hilo tusidanganyane.

Basi, miaka ya 1940 alikuwepo Cairo profesa mzaliwa wa Urusi, Gleb Anrep, mwanafunzi wa Pavlov (ndiyo, yule wa mbwa na mate). Fundi wake wa maabara alikuwa na maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Fundi huyo akaanza kunywa khella kwa sababu ya figo, na kifua nacho kikaacha kuuma. Anrep hakucheka wala hakupuuza. Alipima, akawajaribu wagonjwa wengine, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakachapisha matokeo.

Khelini yenyewe ilikuwa inawachefua wagonjwa, kwa hiyo wakemia walianza kuibadilisha. Ubelgiji mwaka 1961 ikapatikana amiodaroni, ambayo leo hutumika kurekebisha mapigo ya moyo. Uingereza, Dk. Roger Altounyan, aliyekuwa na pumu, alizijaribu kemikali za ukoo huo kwenye mapafu yake mwenyewe. Alikuwa anajiletea pumu kwa makusudi, kisha anapima! Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, dawa ya kuzuia pumu.

Kwa hiyo wanaosema ushirikina wameshindwa. Lakini na wale wa "wazee walijua kila kitu" wajieleze, maana waliokunywa khella kwa ajili ya figo karne zote hizo hawakuwa na habari ya amiodaroni. Ilihitaji mtu wa kupima.

Kinachonikera ni kitu kingine. Altounyan anakumbukwa hata kwa utoto wake, kwani yeye na dada zake ndio waliompa Arthur Ransome wahusika wa riwaya yake ya watoto. Yule Mmisri aliyekunywa dawa ya kwao na kuanzisha yote haya, vitabu vinamwita fundi wa maabara, basi.