Unga, Kitoweo na Nafaqa: Maandalizi ya Mimba Katika Fiqhi na Katika Historia ya Mwambao wa Nyasa

Waumini wanapomwendea imamu na swali la mimba, mara nyingi mimba huwa imekwishaingia. Huuliza kuhusu kufunga Ramadhani, kuhusu mimba iliyoharibika, kuhusu akika na jina la mtoto. Ni wachache wanaouliza juu ya mwaka uliotangulia: mume na mke wanaotaka mtoto wauandae vipi mwili, na jukumu la maandalizi hayo ni la nani?

Swali hilo si geni katika elimu ya Kiislamu. Katika karne ya 4 Hijria, Arib bin Sa'd wa Qurtuba, Andalus, aliandika kitabu kizima juu ya kuumbwa kwa mtoto tumboni na uangalizi wa wajawazito na wachanga. Katika karne hiyo hiyo Ahmad bin Muhammad al-Baladi aliandika kingine juu ya wajawazito na watoto. Hao walikuwa matabibu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mafakihi nao wana mlango wao katika jambo hili, ambao ni mlango wa nafaqa, yaani matunzo ya mke. Tutausoma mlango huo kwa kuangalia yaliyowapata watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Mwambao na milima yake

Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Kilwa zilifika Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya magharibi, Nkhotakota, Majumbe wenye asili ya pwani walijenga kituo cha pembe na watumwa, na kituo hicho kikawa pia mlango wa Uislamu kando ya ziwa. Ni haki kusema yote mawili, kwa sababu biashara ile ilivunja nyumba nyingi na kuwatoa akina mama mashambani mwao. Wakati huo huo nguvu ya Wangoni ilienea kutoka upande wa Songea, na Wamatengo wakajikusanya katika milima mikali ya Mbinga. Huko ndiko kilimo cha ngoro kilikoshika mizizi. Mkulima hufyeka majani mvua zinapoelekea kwisha, huyapanga kwa miraba, huyafukia kwa udongo, kisha hupanda maharage. Mahindi hufuata msimu mwingine. Chini kando ya ziwa chakula ni muhogo na samaki, hasa dagaa wanaoitwa usipa.

Mkulima wa ngoro haanzi kazi siku ya kupanda. Majani lazima yaoze kwanza, na udongo upate nguvu. Katika Suratul Baqara, aya ya 223, Allah amewafananisha wake na shamba, kisha akawaamrisha waume watangulize jambo kwa ajili ya nafsi zao. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba kutanguliza huko ni kulitaja jina la Allah kabla ya tendo, na wafasiri wengine wamesema ni kutafuta mtoto mwema. Tafsiri zote mbili zinakubaliana kwamba kuna jambo la kufanywa kabla.

Njaa na uzazi

Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliiacha kusini ya nchi katika njaa kubwa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, kwa kuwa njaa ilikuwa silaha yao. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, lakini kuna hasara nyingine isiyoonekana makaburini. Katika miaka ya 1930, A. T. na G. M. Culwick walipochunguza idadi ya watu wa Ulanga, walihusisha upungufu wa uzazi wa akina mama walionusurika na njaa ile.

Jambo hilo lilionekana tena mbali na hapa. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi, wanawake wengi walikatikiwa na hedhi, na miezi tisa baadaye idadi ya waliozaliwa ikashuka sana. Mwili usiopata chakula cha kutosha huacha kupevusha yai. Hiyo ni rehema ya Allah kwa mwili uliochoka, na ni dalili pia kwamba tumbo la uzazi lina haki ya kulishwa kabla halijapewa kazi.

Muhogo mchungu

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Mbinga, ambayo wakati huo ilikuwa bado imejumuisha mwambao wa ziwa kabla ya kuundwa wilaya ya Nyasa, ilipata mlipuko wa konzo. Mkoa wa Mtwara nao ulipatwa miaka hiyo hiyo. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla, na uliopooza haurudi kama ulivyokuwa. Tanzania ilikuwa imekwisha kuuona Tarime mwaka 1985. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Sababu zake ni mbili zinazokutana. Ya kwanza ni unga wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Muhogo huo una sumu ya sayanidi, ambayo hutoka kwa kuloweka na kukausha kwa siku za kutosha. Wakati wa ukame sumu huzidi ndani ya muhogo, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa. Ya pili ni kukosa kitoweo. Mwili huivunja sayanidi kwa kutumia salfa iliyomo katika protini za samaki, nyama, mayai na maharage. Anayekula ugali wa muhogo kwa mboga ya majani peke yake, siku baada ya siku, hana cha kuivunjia.

Madhara hayaishii miguuni. Sumu hiyo ikivunjwa hugeuka kitu kingine kinachoizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Mwanamke mwenye upungufu wa madini joto yuko katika hatari ya mimba kuharibika, na ya kuzaa mtoto ambaye ubongo wake haukukua sawasawa. Kwa hiyo unga wa leo unagusa mimba ya mwakani.

Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Howard Bradbury wa Australia, walifundisha kusini njia nyepesi. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki hupaa hewani. Njia hii haihitaji fedha; inahitaji muda, maji na mtu wa kusaidia kazi.

Mlango wa nafaqa

Sasa turudi katika vitabu vyetu. Minhaj at-Talibin ya Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), imesomeshwa kwa vizazi katika darsa za Afrika Mashariki. Katika mlango wa nafaqa, an-Nawawi anaweka kipimo cha chakula cha mke kwa kila siku: vibaba viwili kwa mume mwenye wasaa, kimoja na nusu kwa wa kati, na kimoja kwa mwenye dhiki, kutoka katika chakula kikuu cha watu wa mahali hapo. Kisha anaongeza mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyapita haraka. La kwanza, kwa kauli yenye nguvu zaidi, mume anawajibika pia kwa kusagwa kwa nafaka hiyo na kupikwa kwake. La pili, anawajibika kutoa kitoweo kwa kadiri ya desturi ya mahali, na nyama kwa kadiri ya hali yake.

Ndugu msomaji, yaweke maneno hayo pembeni mwa yaliyotokea Mbinga. Unga ulioandaliwa vibaya na kukosa kitoweo ndizo sababu mbili za konzo. Kuuandaa unga na kutoa kitoweo ndiyo mambo mawili ambayo fakihi wa Damascus aliyahesabu kuwa deni la mume karne saba zilizopita. Naye hakuyafunga na mimba. Nafaqa ya mke aliye katika ndoa inawajibika kila siku, awe na mimba au asiwe nayo. Kwa hiyo mume anayevua usipa usiku, akawauza wote asubuhi na kumwachia mkewe kisamvu, hana hoja ya kusema kwamba mke hajashika mimba bado. Haki ilikwisha kuwajibika.

Ipo sehemu moja inayohitaji uwazi. Minhaj hiyo hiyo inasema kwamba dawa na ujira wa tabibu havimlazimu mume. Wapo wanaoishikilia kauli hiyo na kumwacha mke aende kliniki kwa fedha ya kuazima. Lakini mafakihi waliisema katika zama ambazo tiba ilikuwa jambo la nadra na la kubahatisha, na hukumu za nafaqa zimejengwa juu ya desturi. Dkt. Wahba az-Zuhayli, mwanazuoni wa Syria aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kwamba leo haja ya tiba ni kama haja ya chakula, bali huenda ikazidi, na kwamba si katika kuishi kwa wema mume kustarehe na mkewe akiwa mzima na kumrudisha kwa wazazi wake akiugua. Kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na lengo la sheria la kuhifadhi nafsi na kizazi.

Ghila na kupumzisha mwili

Kuandaa mimba ni pamoja na kuipa nafasi. Katika Sahih Muslim, kutoka kwa Judama binti Wahb (r.a.), imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikaribia kukataza ghila, kisha akakumbuka kwamba Warumi na Waajemi wanaifanya na watoto wao hawadhuriki. Imam Malik ameieleza ghila kuwa ni mume kumwingilia mkewe anayenyonyesha. Ibn as-Sikkit, bingwa wa lugha, akasema ni mwanamke kunyonyesha naye ana mimba. Tazama namna Mtume (s.a.w.) alivyolipima jambo la kidunia kwa hali halisi ya watu wengine.

Nchini kwetu wengi bado wanaamini kwamba wazazi wakikutana wakati wa kunyonyesha wanambemenda mtoto. Hadithi hii inaondoa hofu hiyo, na haifai kumlaumu mama kwa afya ya mtoto kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ruhusa ya kukutana si amri ya kuharakisha mimba nyingine. Desturi za wazee za kutenganisha uzazi zilikosea sababu, lakini zililenga maslahi ya kweli. Mwaka 2005 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha, na kumwachisha mapema kumefungwa na ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Aya haikuweka sheria ya lini mimba iingie, ila imetufundisha kwamba mambo haya hayaamuliwi na mmoja peke yake. Naye Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111) ameruhusu azli, na katika nia alizozikubali ni kuchelea maisha ya mke kutokana na hatari ya kuzaa.

Yatupasayo

Kwanza, mke anayekusudia kushika mimba alipe siku zake za Ramadhani anazodaiwa. Mimba na kunyonyesha vinaweza kuzirundika, na kuchelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine kunaongeza fidia katika madhehebu ya Shafi.

Pili, aanze vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1991, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, ulionyesha kwamba dawa hii kwa kipimo kikubwa zaidi ilizuia karibu robo tatu ya kasoro hizo. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo amwone daktari kwa kipimo chake. Unga wa viwandani huongezwa virutubisho, lakini unga wa muhogo wa nyumbani hauna.

Tatu, chumvi iwe yenye madini joto, chandarua kitumike, na wote wawili wapimwe kaswende na Virusi vya Ukimwi.

Nne, mume asijione yuko nje ya jambo hili. Mbegu zake huchukua kama miezi miwili na nusu kukua, basi tumbaku na ulevi anaouendeleza leo ndio anaoupanda baadaye. Mtoto akichelewa, apimwe naye, asimtupie mke lawama.

Atakayesema kwamba mtoto ni riziki ya Allah amesema kweli. Nabii Zakaria (a.s.) aliomba kizazi chema, na katika Suratul Anbiyaa, aya ya 90, Allah ametaja kwamba alimjibu, akampa Yahya na akamtengenezea mkewe. Wafasiri wengi wamesema alimfanya afae kuzaa baada ya kuwa tasa. Aliye Muweza wa kumpa Yahya bila sababu yoyote ametutajia kutengenezwa kwa mama. Basi imamu anapofungisha ndoa Mbamba Bay au Mbinga mjini, amkumbushe bwana harusi kwamba deni la unga salama na kitoweo linaanza sasa, kabla ya mimba. Wallahu a'lam.