Ulifuta Linux na Sasa Lapi Imekataa Kuwaka? Rudisha Windows Bila Kufomati

Umefuta Ubuntu ndio upate nafasi kwa diski. Umewasha lapi, na badala ya Windows unaona skrini nyeusi imeandikwa tu `grub rescue>`. Noma!

Kabla ubebe mashine mbio mpaka Luthuli Avenue, tulia kwanza. Kuna fundi atakushow dawa ni kufomati na kuweka Windows mpya. Ukikubali hivyo tu, projekti ya campo, picha za mathe na zile beat umetengeneza mwaka mzima zitaenda na maji. Na hapo mara nyingi hata hakukuwa na haja, juu Windows yako bado iko ndani, nzima.

Nini ilihappen?

Wasee kibao wamejaribu Linux tangu Microsoft iache kusapoti Windows 10, Oktoba 14, 2025, juu mashine nyingi za kitambo hazikubaliwi na Windows 11. Kujaribu ni poa. Shida huwa kwa kutoa.

Chukulia lapi ni ploti yenye soja getini. Soja wa Windows anaitwa Windows Boot Manager. Ukiweka Ubuntu, inakuja na soja wake, GRUB, na anasimama mbele. Daftari yake ya kujua nani anaishi wapi anaiweka kwa patisheni ya Linux. Ukifuta hiyo patisheni, soja anabaki getini bila daftari. Hajui nyumba ya mtu yeyote, lakini hakuna nyumba imebomolewa. Kazi yako ni kurudisha soja wa kwanza.

1. Jaribu njia rahisi kwanza

Zima lapi, iwashe, na hapo hapo bonyeza kitufe cha menyu ya kubuti mara kadhaa. Kwa HP nyingi ni F9, kwa Dell na ThinkPad ni F12. Ukiona "Windows Boot Manager" kwa hiyo orodha, ichague.

Windows ikiwaka, umeshinda. Zima tena, ingia kwa setting za BIOS (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad), weka Windows Boot Manager iwe namba moja, kisha sevu.

2. Ikikuitisha namba ndefu, usishtuke

Kuna lapi zimefungwa na BitLocker. Ikinusa kubuti kumebadilika, inaweza kukuitisha ufunguo wa tarakimu 48. Kama uliset hiyo mashine na akaunti ya Microsoft, chukua simu, ingia account.microsoft.com na utafute kwa vifaa vyako. Mara nyingi huwa umesevuwa huko. Ukifomati hapa, faili zako umeziaga.

3. Kama Windows Boot Manager haiko

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, juu itafutwa yote. Kwa lapi ya beshte, daunilodi Media Creation Tool kutoka saiti ya Microsoft. Ni ya bure. Itumie kutengeneza flashi ya Windows.

Chomeka flashi kwa mashine yako, ibutie kupitia ile menyu ya F9 au F12, halafu chagua "Repair your computer" (kwa flashi mpya ni "Repair my PC"). Usiguse Install. Enda Troubleshoot, kisha Command Prompt. Andika:

`diskpart`
`list volume`

Angalia vitu viwili: herufi ya ile volume kubwa yenye Windows, na kama kuna volume ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 hivi. Usichanganye na flashi yako, hiyo pia inaweza kuwa FAT32, lakini ni ya GB kadhaa. Ukiwa ndani ya diskpart, usiwahi andika `clean` ama `format`. Hapo ndipo watu hulia.

Kama hiyo ndogo iko, mashine yako ni ya UEFI, kama zile nyingi zilizotoka na Windows 8 kuendelea. Tuseme ndogo ni namba 3 na Windows iko C:

`select volume 3`
`assign letter=S`
`exit`
`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Kama Windows imepewa herufi ingine, badilisha hiyo C. Ukiona "Boot files successfully created", toa flashi na uwashe upya.

Kama hakuna hiyo ndogo na lapi ni ya kitambo sana, toka diskpart na `exit`, halafu andika `bootrec /fixmbr`. Hiyo inamfukuza GRUB bila kugusa faili zako.

4. Wakati wa kuona fundi

Kama diski haionekani hata kwa BIOS, hiyo si story ya GRUB. Diski yenyewe inaweza kuwa imeanza kufa. Wacha kuwasha kuwasha. Ipeleke kwa fundi na umwambie wazi kabla ashike bisibisi: "Toa faili kwanza, usifomati." Akikataa, hama. Mafundi ni wengi.

Next time

Kama unataka tu kuonja Linux, iendeshe kutoka kwa flashi bila kuinstall. Ubuntu inakubali hivyo, na ukichoka unachomoa tu. Kama ushaiinstall na unataka kuitoa, fuata mpangilio: nakili faili zako kando, weka Windows Boot Manager namba moja kwa BIOS, hakikisha Windows inawaka yenyewe, ndio sasa ufute patisheni ya Linux. Usimfute GRUB daftari kabla mwenzake ashike geti.