Waraka Upelekwe kwa Mtu au kwa Kiti?

Leo, ndugu msomaji, tuweke kando habari za lugha za programu tuzungumze historia kidogo. Swali lenyewe laonekana dogo. Katika programu ya kusimamia ubora kiwandani, waraka ukifika wakati wa kupitiwa upya, upelekwe kwa nani? Kwa Bwana Fulani, au kwa meneja wa maabara, awe nani awaye?

Wengi hudhani jambo hili lilizuka pamoja na kompyuta. La hasha. Tuanzie Muhoroni, mji ulio kwenye reli ya Nairobi hadi Kisumu. Reli hiyo ilifika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence, na pamoja na mabehewa ilileta namna yake ya kugawa kazi. Barua iliandikwa kwa mkuu wa stesheni, si kwa jina lake. Akihamishwa, anayemfuata anaingia ofisi ileile na kufungua daftari lilelile.

Serikali ya kikoloni nayo ilifanya vivyo hivyo. Barua ilikwenda kwa DC wa Kisumu, yeyote aliyekalia kiti. Lakini walijua kiti peke yake hakina kumbukumbu. Ndiyo maana katika Nyaraka za Kitaifa mjini Nairobi mtafiti hukuta ripoti za makabidhiano: DC anayeondoka anamwandikia anayekuja kazi zilizobaki kiporo. Naomba uikumbuke hiyo ripoti, tutaihitaji.

Kisha vikaja viwanda. Muhoroni ilipata kiwanda cha sukari miaka ya 1960, na mwaka 1978 ikaanzishwa Agro-Chemical and Food Company, inayotengeneza spiriti na hamira kutokana na molasi. Mahali kama hapo waraka si pambo la kabati. Ndio unaosema boila izimwe vipi, sampuli ichukuliwe wapi, na spiriti ikimwagika nani aitwe kwanza. Ukiwa umepitwa na wakati, mtu anaweza kuungua.

Na wenye vyeo hawakai milele. Mwaka 2001 kampuni ya sukari ya Muhoroni iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Mwaka 2025 Serikali ikakikodisha kiwanda kwa mwekezaji binafsi. Kampuni ikipita katika mikono mingi namna hiyo, majina yaliyo milangoni hubadilika, ila boila bado inataka maelezo yaliyo sahihi.

Waliotunga viwango vya ubora waliliona hili mapema. Uingereza ilitoa BS 5750 mwaka 1979, na kutokana nayo ikazaliwa ISO 9001 ya mwaka 1987. Toleo hilo lilitaka mabadiliko ya waraka yapitiwe na idara au wadhifa uleule uliopitia waraka wa kwanza, isipokuwa kama mwingine ameteuliwa rasmi. Halikusema mtu yuleyule. Toleo la mwaka 2000 liliyaacha maneno hayo, likabakiza sharti la kupitia na kuidhinisha upya.

Upande wetu wa kompyuta, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, Marekani, waliandika mwaka 1992 kuhusu kutoa ruhusa kwa kufuata wadhifa badala ya jina. Mwaka 2004 wazo hilo likawa kiwango rasmi cha Marekani. Mkuu wa stesheni angecheka: alikuwa akiishi hivyo tangu zamani!

Hata hivyo programu nyingi bado hufunga waraka kwa jina, kwa sababu jina ni rahisi kuchagua kwenye orodha. Nimeona kwa mteja mmoja, nisiyemtaja, utaratibu wa kushika kemikali ukikaa bila kupitiwa huku vikumbusho vikienda kila wiki kwenye barua pepe ya mzee aliyekwisha kustaafu.

Basi dawa ni wadhifa? Ni nusu ya dawa. Kiti kinaweza kuwa kitupu, na programu isipopiga kelele, waraka unalala. Kiti kinaweza kuwa na watu watatu, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wadhifa wa namna hiyo unahitaji sheria iliyo wazi: anatosha mmoja, au ni lazima wote? Na kaimu je, ana mamlaka ya kuidhinisha au ya kusoma tu?

Tena kuna saini. Kanuni za FDA ya Marekani za mwaka 1997, Sehemu ya 11, zinataka saini ya kielektroniki ionyeshe jina la mtu, tarehe na saa, na maana ya saini hiyo. Kazi ipewe kiti, lakini saini ibaki na jina la aliyetia, pamoja na cheo alichokuwa nacho siku ile. Programu inayobadilisha jina kwenye saini za zamani kila meneja mpya anapoingia inafuta historia.

Sasa turudi kwa yule DC. Kitu ambacho programu nyingi hazina ni ile ripoti yake ya makabidhiano. Mimi siku hizi naiweka: mtu akiondolewa kwenye wadhifa, mfumo unatoa orodha ya nyaraka zote zilizobaki mezani pake, na haufungi akaunti mpaka mwingine azipokee kwa jina lake.

Kesho ukifika kazini, tafuta kwenye mfumo wenu nyaraka ambazo mhakiki wake ni mtu asiyekuwepo tena. Anza na zile za boila.