Hadithi ya Barafu Katika Ramani Moja

Ewe msomaji, ukisimama Nyeri au Nanyuki alfajiri, kabla mawingu hayajatanda, utauona Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, na weupe kileleni pake. Wazee watakuambia kwamba zamani weupe huo ulikuwa mwingi zaidi. Wasemalo ni kweli. Lakini umepungua kwa kiasi gani? Hapo ndipo hesabu huitwa kutoa ushahidi.

Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza, alifika kilele cha Batian, akachora ramani ya mlima. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliipima kwa picha barafu ya Lewis, barafu nzito itelemkayo polepole mlimani. Kuanzia mwaka 1974 Stefan Hastenrath aliipima mara kwa mara, na mwaka 2010 wataalamu wa Innsbruck, Austria, wakaipima tena.

Kila kipimo peke yake ni tarakimu kavu. Lakini mipaka ya miaka hiyo ikichorwa katika ramani moja, mstari ndani ya mstari, hata asiyejua hesabu huiona barafu ikirudi nyuma. Tarakilishi za leo, zikusanyazo ramani na michoro katika kioo kimoja, hufuata njia iyo hiyo.

Jaribu mwenyewe. Chora mraba wenye visanduku 100. Huo ndio ukubwa wa eneo la barafu ya Lewis mwaka 1934. Futa 79. Visanduku 21 vilivyosalia ni eneo lake mwaka 2010. Chora mraba wa pili kwa ujazo wake. Hapo ufute 90, visalie 10 tu. Mbona miraba hiyo haifanani? Kwa sababu barafu haikupungua upana tu, bali ilikonda pia. Tangu hapo imezidi kupungua.

Lakini jihadhari. Mkulima wa Naro Moru akiuona mchoro huo aweza kusema, "Barafu ikiisha, mto wetu utakauka." Sivyo. Maji ya mto huo hutoka hasa katika mvua, ambayo misitu ya mlimani huihifadhi na kuitoa polepole. Barafu huchangia kidogo sana. Akiililia barafu na kuusahau msitu, picha ya kweli itakuwa imempoteza.

Basi ukimaliza miraba yako, andika chini yake: ni kipimo cha nini, ni cha mwaka gani, na ni jambo gani kisiloonyesha.