Kutoka Kuzuia Mimba hadi Kuiwezesha: Historia ya Klomifeni, 1956–2014

Historia za dawa nyingi huandikwa kana kwamba watafiti walijua tangu mwanzo walikokuwa wakielekea. Historia ya klomifeni, dawa inayotumiwa na wanawake wasioshika mimba kwa sababu mayai yao hayapevuki, inakinzana na simulizi hilo. Makala haya yanajenga hoja kwamba matumizi ya klomifeni hayakudhihirika katika maabara ilimoundwa, bali yalidhihirika pale swali lililoulizwa kwa panya lilipoulizwa upya kwa wanawake.

Klomifeni iliundwa mwaka 1956 na Frank Palopoli na wenzake katika kampuni ya William S. Merrell, Cincinnati, Marekani. Katika kampuni hiyohiyo, Leonard Lerner na wenzake waliripoti mwaka 1958 kuhusu MER-25, kizuia-estrojeni cha kwanza kisicho cha jamii ya steroidi. Huo ulikuwa wakati ambapo njia mpya za kuzuia mimba zilitafutwa kwa bidii. Kidonge cha kwanza cha kupanga uzazi kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Mwaka huohuo ilichapishwa ripoti kwamba klomifeni ilipunguza uwezo wa panya kuzaa. Kwa ushahidi huo, ilielekea kuwa kinga ya mimba.

Mwaka 1961, Robert Greenblatt na wenzake wa Augusta, Georgia, waliripoti matokeo ya kinyume: wanawake ambao ovari zao hazikuwa zikitoa mayai walianza kuyatoa baada ya kutumia dawa hiyo. Utendaji wake unaeleza jambo hilo. Klomifeni huziba vipokezi vya estrojeni katika haipothalamasi. Ubongo, ukidhani kwamba estrojeni imepungua, huiamuru tezi ya pituitari kutoa kwa wingi homoni zinazokuza vifuko vya mayai. Kwa hiyo, kizuizi kilekile kilichotarajiwa kufunga uzazi ndicho kinachoufungua.

Klomifeni iliidhinishwa Marekani mwaka 1967. Kwa kawaida, matibabu huanza kwa miligramu 50 kila siku kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, na kipimo huongezwa iwapo yai halikupevuka. Hata hivyo, kupevuka kwa yai si sawa na kupata mtoto. Ingawa wanawake wengi wanaoitumia hutoa yai, wanaoshika mimba ni wachache zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba dawa hiyo huweza pia kuzuia estrojeni katika mji wa mimba, hivyo kuufanya utando wake kuwa mwembamba. Aidha, huongeza uwezekano wa mimba ya mapacha.

Udhaifu huo ulipata uzito mpya mwaka 2014, wakati utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 750 wenye sindromu ya ovari zenye vifuko vingi ulipobaini kwamba asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni. Letrozoli nayo iliundwa kwa lengo jingine, yaani kutibu saratani ya matiti.

Kwa kuhitimisha, matokeo ya panya hayakuwa ya uongo. Kosa lingekuwa kuyachukulia kuwa hukumu ya mwisho. Vivyo hivyo, kwa miongo kadhaa mafanikio ya klomifeni yalipimwa zaidi kwa yai lililopevuka, ilhali alichokitafuta mgonjwa kilikuwa mtoto.