Bewdley na Watu wa Kamba

Ukifika Bewdley, mji mdogo wa Worcestershire ulioko ukingoni mwa Mto Severn, hutakaa sana kabla hujasimuliwa habari ya mtaro. Mimi nimesimuliwa na muuza mikate, na dereva wa basi la Kidderminster, na mzee aliyekuwa akivua samaki chini ya daraja. Wote husimulia namna moja: miaka ya 1760 fundi mkuu wa mifereji, James Brindley, alitaka kuuleta mfereji wake hapa, matajiri wa mji wakambeza, wakasema hawautaki mtaro wake wa uvundo, naye akaupeleka kwingine, mji ukaporomoka kwa kiburi chake.

Hadithi hiyo siikubali. Nilizaliwa Pangani, na najua jinsi mji wa mtoni unavyosingiziwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, shehena zilizokuwa zikishukia mlangoni mwa mto wetu zilihamia huko, na hakuna mtu wa Pangani aliyeulizwa. Baadaye ndipo waliposema watu wa pale ni wavivu. Kwa hiyo nilipohamia jirani na Bewdley na kuanza kuizoea gati yake, niliiangalia kwa jicho la mtu ambaye kwao pia palipitwa.

Anza na ardhi yenyewe. Brindley hakupenda kupasua vilima. Mifereji yake ilifuata mabonde, ikizunguka popote ardhi ilipozunguka. Mfereji wa Staffordshire na Worcestershire ulioidhinishwa na Bunge mwaka 1766 ulishuka na bonde la Mto Stour, kupitia Kidderminster, na Stour huingia Severn kilomita sita hivi chini ya Bewdley. Kati ya Kidderminster na Bewdley kuna mgongo wa ardhi ya mawe mekundu. Basi la abiria huupanda na kuushuka kila siku. Kuupitisha mfereji pale kungetaka gharama ambayo hakuna mwenye hisa angeikubali wakati bonde la Stour lilikuwa wazi mbele yake. Maji hayakuhitaji kutukanwa ili yafuate bonde. Mfereji ulipokamilika mwaka 1772, kitongoji cha Lower Mitton kilikwisha kuwa na mabwawa ya vyombo, mabohari na jina jipya, Stourport.

Kilichopotea siku hizo hakikuwa kidogo. Daraja la kwanza la Bewdley lilijengwa mwaka 1447, na mwaka 1472 Mfalme Edward IV aliupa mji hati ya kujitawala. Mwaka 1499, katika nyumba ya kifalme ya Tickenhill juu ya kilima, mwana wa mfalme wa wakati huo, Arthur, alifungishwa ndoa na Catherine wa Aragon kwa wakala, bibi arusi akiwa bado Hispania. Lakini kilichowalisha watu kilikuwa mto. Severn ulikuwa njia huru ya mfalme. Chombo kilipita bila kulipia ushuru wa mto, tofauti na mito mingi ya Uingereza iliyofungwa kwa malango na mabwawa ya vinu. Chuma, misumari na vyombo vya udongo vya Midlands, eneo la kati la Uingereza, vilikuja kwa misafara ya farasi wa mizigo, vikapakiwa hapa kwenda Bristol. Kutoka Bristol vilipanda mvinyo, sukari na tumbaku, vikashushwa gatini na kusambazwa bara.

Nyumba za matofali zilizojipanga Severnside, ukuta kwa ukuta, madirisha marefu yakitazama maji, ni za wafanyabiashara wa karne ya 18. Wageni huzipiga picha, nami huzipenda. Ila siwezi kuzitazama nikasahau sukari ile ilitoka wapi. Ililimwa na watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi, na tumbaku vilevile kule Virginia. Bristol ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara ya utumwa, na sehemu ya vyombo vya shaba na bunduki za Midlands iliishia pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu. Mji wa kilomita zaidi ya mia moja kutoka baharini ulikuwa ndani ya mnyororo huo. Vibao vya historia ukingoni vinataja sukari. Ningependa vitaje na mkono ulioikata miwa.

Sasa nije kwa watu walioniandikisha makala haya.

Chombo kikubwa cha Severn kiliitwa trow: tumbo bapa ili kipite kwenye maji haba, mlingoti wa kulazwa kila kilipofika darajani, na tanga moja kubwa la mraba. Kilibeba tani 40 hadi 80. Kushuka kwenda Gloucester kulikuwa rahisi, kwani mkondo ulikisukuma na wanamaji walikiongoza kwa upondo na makasia. Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Mto unapinda, miti imefunga ukingo, upepo hauaminiki. Kutoka Gloucester hadi Bewdley ni kilomita zaidi ya 70 za kwenda kinyume cha maji, na kwa mamia ya miaka nguvu iliyokipandisha chombo ilikuwa ya wanaume waliojifunga kamba kifuani.

Walikwenda kwa kundi, kamba ndefu ikitoka mlingotini na kila mtu ameitia kitanzi chake begani. Hapakuwa na njia iliyosawazishwa. Walipita matopeni, wakaruka mifereji ya mashamba, wakapenya vichaka, na palipokuwa hapana ukingo waliingia majini. Padri John Fletcher wa Madeley, parokia iliyoko juu zaidi ya mto huohuo, aliandika mwaka 1772 juu ya watu hao, jinsi walivyofungwa kwenye kamba zao kama farasi kwenye hatamu, wakivuta kwa jasho katika jua na katika mvua. Padri huyo alikuwa na mahubiri yake ya kutoa, lakini macho yake yaliona vizuri. Kiangazi maji yalipopungua mno, vyombo vilikaa chini vikingoja mvua za milima ya Wales, nao wavutaji wakangoja bila ujira. Masika mto ulipofurika, walingoja tena. Mtu aliyekula kwa kazi hiyo alikula pale mto ulipokubali.

Watu wa mjini waliwaogopa. Walisifika kwa ulevi na kwa ngumi. Siwatetei kwa hilo, ila najiuliza mtu aliyeshinda akivuta tani za sukari ya mwingine angetoka na tabia gani.

Mwaka huohuo wa 1772 Bunge liliidhinisha njia ya farasi kando ya mto kati ya Bewdley na Coalbrookdale. Ilichukua miaka mingi kujengwa, ikakamilika karne ya 18 ilipokuwa ikiisha, na baadaye ikaendelezwa kushuka hadi Worcester na Gloucester. Farasi wachache walifanya kazi ya kundi zima la wanaume. Ubinadamu ulishinda, naweza kusema hivyo bila kusita, kwa sababu hakuna anayepaswa kufungwa kamba kama mnyama. Lakini hakuna aliyewauliza wavutaji watakula nini kesho yake. Hapo ndipo hadithi ya mtaro wa uvundo inaponiudhi hasa. Inasimulia hasara ya matajiri, tena kwa kuwalaumu wao tu. Waliopoteza kazi ya mikono yao hawamo kabisa.

Mji wenyewe haukufa, na hili ni jambo jingine ambalo hadithi inalificha. Bewdley ilikuwa na ufundi mwingi kabla ya Brindley na baada yake. Wa zamani na maarufu kuliko wote ulikuwa wa kofia. Usifikirie kofia ya vito kama za Lamu. Hii ilifumwa kwa sufu, ikaoshwa na kukandwa majini mpaka nyuzi zikashikana kuwa kitu kimoja kizito kisichopitisha mvua, kisha ikapewa umbo. Iliitwa kofia ya Monmouth, kwa jina la mji wa Wales ilikoanzia, na waliipenda sana askari na mabaharia. Mwaka 1571 Bunge la Malkia Elizabeth wa Kwanza lilipitisha sheria kwamba kila mtu aliyezidi miaka sita, isipokuwa wakubwa na mabibi wa heshima, avae kofia ya sufu iliyotengenezwa Uingereza siku za Jumapili na sikukuu, la sivyo atozwe shilingi 3 na peni 4 kwa kila siku aliyokosa. Nia ilikuwa kuwalinda mafundi dhidi ya mitindo mipya ya kofia. Watu hawakuitii sawasawa, na mwaka 1597 ikafutwa. Hata hivyo, mwandishi Daniel Defoe alipozunguka nchi miaka ya 1720 bado aliandika kwamba kofia za Monmouth zilikuwa zikitengenezwa Bewdley, na wanunuzi wakubwa walikuwa mabaharia wa Kiholanzi.

Kofia zilipokwisha, mikono ilihamia kwenye mambo mengine. Msitu wa Wyre, unaoanza nje tu ya mji, ulitoa mialoni; magome yake yalibanduliwa majira ya kuchipua, utomvu unapopanda, yakapelekwa kwa watengeneza ngozi. Matawi yalichomwa makaa kwa ajili ya viwanda vya chuma, na fito zikafungwa mafagio. Pembe za ng'ombe zililainishwa kwa moto, zikafanywa vitana na vioo vya taa. Kulikuwa na wafua shaba, na mafundi wa vyombo vya bati. Na kamba, bila shaka. Kamba ilisokotwa katika viwanja virefu vyembamba, fundi akirudi kinyumenyume huku katani ikitoka kiunoni mwake. Katika jumba la makumbusho, ambalo zamani lilikuwa soko la nyama, wageni bado huonyeshwa namna ya kusokota. Nilipewa ncha moja niishike wakati gurudumu likizungushwa. Ukikaza, unasikia uzi unavyotaka kukuvuta.

Mapigo mengine yalifuata. Februari 1795 barafu na mvua vilileta mafuriko yaliyovunja madaraja mengi ya Severn, la Bewdley likiwamo. Mhandisi Thomas Telford alijenga jipya la mawe, matao matatu juu ya mto, lililokamilika mwaka 1798 katika kiangazi kimoja chenye ukame, nalo ndilo tunalolipita leo. Miaka ya 1840 tume ya mto ilijenga malango ya kupandisha vyombo, ili maji yawe na kina mwaka mzima, lakini malango yaliishia Lincomb, chini ya Stourport. Kwangu mimi hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko mfereji. Mfereji uliihamisha njia ya bidhaa moja moja. Malango yalichora mstari kwenye mto wenyewe, na Bewdley ikaachwa upande wa juu, wenye maji ya kubahatisha. Reli ya Bonde la Severn ilifika mwaka 1862, kituo chake kikajengwa Wribbenhall, ng'ambo ya pili. Kabla karne haijaisha, vyombo vya mizigo vilikuwa vimekoma kupita.

Yuko mfanyabiashara mmoja ambaye habari zake hunichangamsha kila nipitapo barabara ya Kidderminster. Samuel Skey alitajirika kwa biashara ya rangi za nguo na vyakula, akatengeneza asidi ya salfa huko Dowles, karibu na mji, na mwisho wa karne ya 18 akajijengea jumba la Spring Grove juu ya kilima. Katika uwanja wa jumba hilo ndipo ilipofunguliwa bustani ya wanyama mwaka 1973. Kwa hiyo leo twiga, vifaru na simba wa kwetu wanatembea katika shamba lililonunuliwa kwa fedha ya gati, na maelfu ya familia huja kuwatazama kutoka ndani ya magari yao. Wakimaliza, wengi hushuka Bewdley kula samaki na viazi kando ya mto. Treni za mvuke nazo zimerudi kwa kazi ya watu wanaojitolea. Zilifika tena Bewdley mwaka 1974. Mji wa watu wapatao 9,000 unaishi sasa kwa wageni, na kwa wenyeji wanaoamkia kazini Kidderminster na Birmingham.

Mto haujastaafu lakini. Machi 1947 uliingia majumbani, na msimu wa mvua wa mwaka 2000 ukarudia. Baada ya hapo Severnside ilipewa ukuta wa kupachikwa na kuondolewa: mashimo yako tayari chini ya mawe ya gati, na utabiri ukija, lori huleta nguzo na mbao za alumini, mafundi wakazipachika usiku kucha. Upande wa Beales Corner, ng'ambo, haukuwa na kinga kama hiyo, na Februari 2020 wakazi wake walitolewa majumbani. Ninawajua wazee wa upande ule ambao bado hawaweki zulia sakafuni.

Stanley Baldwin, aliyezaliwa hapa mwaka 1867 na kuwa Waziri Mkuu mara tatu, alisimamishiwa sanamu mjini mwaka 2018. Ni haki yake. Aliwawakilisha watu wa Bewdley bungeni kwa karibu miaka 30. Lakini wavuta kamba sijawaona popote, si kwa shaba wala kwa jiwe. Ningewaweka pale Severnside ngazi zinapoingia majini, watano au sita, vifua mbele, wakiutazama mto wa juu, na nyuma yao kamba nene ya chuma inayoanzia mlangoni mwa nyumba nzuri kuliko zote.