Kura 13 zilizoiingiza Afrika Kusini vitani mwaka 1939

Wengi hudhani Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Septemba 3, 1939, nchi zote zilizokuwa chini ya Mfalme zilifuata tu. Afrika Kusini haikuwa hivyo. Kule serikali ilipasuka katikati.

Bunge lilikuwa limeitwa Cape Town kwa shughuli nyingine kabisa: kuongeza muda wa Seneti. Vita vikalikuta hapo hapo.

Waziri Mkuu J.B.M. Hertzog, jenerali wa Makaburu aliyewahi kupigana na Waingereza, alitaka nchi isijihusishe. Naibu wake Jan Smuts, naye jenerali wa Makaburu, alitaka uhusiano na Ujerumani ukatwe. Huyu ndiye Smuts aliyewasukuma Wajerumani huku kwetu Tanganyika mwaka 1916. Baraza la mawaziri liligawanyika: Hertzog na watano, Smuts na sita.

Septemba 4 hoja ikafika bungeni. Hertzog angeweza kusema tu kwamba vita vya Ulaya haviwahusu, na wengi wangemwelewa. Lakini akaenda mbali, akaanza kumtetea Hitler kwamba Ujerumani ilidhalilishwa na mkataba wa Versailles. Hapo alijiharibia mwenyewe. Smuts naye alikuwa mjanja, akaahidi askari hawatapelekwa ng'ambo kama vita vilivyopita.

Kura zikahesabiwa: 80 kwa Smuts, 67 kwa Hertzog.

Hertzog hakukubali yaishe. Alimwomba Gavana Mkuu, Patrick Duncan, avunje Bunge uitishwe uchaguzi. Duncan akakataa. Hertzog akajiuzulu, Smuts akashika uwaziri mkuu, na Septemba 6 vita vikatangazwa. Waafrika, ambao ndio wengi wa nchi, karibu wote hawakuwa na sauti kwenye uamuzi huo.

Kwa kuwa nchi ilikuwa imegawanyika, hakuna aliyelazimishwa kwenda vitani. Jeshi lilikuwa la kujitolea. Mwaka 1940 vikosi vyake vilishuka Kenya, vikaungana na askari wa KAR na wa Afrika Magharibi kuwapiga Waitaliano Somalia na Ethiopia. Addis Ababa ilitekwa Aprili 1941.

Kinyongo cha kura ile hakikuisha kwa Makaburu wengi. Mwaka 1948 chama cha D.F. Malan, aliyepinga vita tangu mwanzo, kilishinda uchaguzi na kuleta mfumo wa apartheid. Smuts alipoteza hata jimbo lake la Standerton.